Gundi kuukuu kwenye rangi ya gari: petroli, mafuta ya taa, thina au joto?

Stika ikishang'oka, kazi ndiyo kwanza inaanza. Plastiki ya juu imetoka, lakini gundi imebaki mlangoni, ya manjano, inanata, imekusanya vumbi la barabarani hadi imekuwa nyeusi. Unaisugua kwa sabuni, haitikisiki. Anatokea mtu wa gereji ya jirani na chupa ya maji iliyojaa petroli: "Ssebo, hiyo ni dakika mbili tu." Na kweli, mara nyingine ni dakika mbili. Mara nyingine ni dakika mbili za kutoa gundi, kisha wiki nzima ya kutafuta fundi wa kupuliza mlango rangi upya.

Magari ya namna hii Kampala hayakosekani. Kuna Land Cruiser nyeupe za mashirika zinazouzwa kwa mnada nembo ikiwa bado mlangoni. Kuna vani za Japani zinazoingia kupitia Mombasa na Malaba zikiwa na maandishi ya kampuni ya huko ubavuni. Kuna taksi za abiria zenye mkanda wa miraba ya buluu na nyeupe, ambazo mtu amenunua azifanye gari la familia. Na kila miaka mitano kuna picha za wagombea. Ilikuwa hivyo Januari 2021, ikawa hivyo tena Januari 2026: kura zinahesabiwa, lakini sura ya mheshimiwa inabaki kwenye buti.

Watu huulizana dawa ipi ni kali kuliko zote. Mimi naona swali la kwanza liwe rangi: iliyo chini ya gundi ni ya kiwandani au imepulizwa kwenye gereji za hapa? Gundi yoyote ina njia ya kutoka. Rangi iliyoyeyuka haina njia ya kurudi.

Ijue rangi kabla ya kuchagua dawa

Rangi ya kiwandani huwa na praima (rangi ya msingi) chini, rangi yenyewe katikati, na klia juu, lile tabaka lisilo na rangi linalong'aa. Zote kwa pamoja kwa kawaida ni mikromita 100 hadi 150, na klia peke yake ni 40 au 50 hivi, kama nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Ni nyembamba, lakini imeokwa kwenye tanuri kwa joto linalokaribia nyuzi 140, hivyo imefungamana na kuwa ngumu. Kuipitisha kitambaa chenye mafuta ya taa kwa dakika chache si tatizo.

Rangi ya gereji ni hadithi tofauti, na yenyewe iko ya aina mbili. Ile iliyochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, hukomaa kwa kemikali. Ikishakaa wiki kadhaa inavumilia karibu sawa na ya kiwandani. Ile ya bei nafuu haina hadina. Imekauka kwa sababu tu thina yake imepaa hewani, na siku ikikutana na thina tena, hata baada ya miaka kumi, itayeyuka kama ilivyokuwa kwenye kopo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zote zinang'aa.

Kwa hiyo jaribu. Chukua kitambaa cheupe cha pamba (cheusi kama gari ni jeupe), kitie tone la thina, ukibonyeze mahali pasipoonekana kwa kuhesabu hadi kumi, halafu ukitazame. Kikibaki safi na rangi ikibaki kavu, una rangi ngumu. Kikitoka na rangi, au kidole kikinasa pale ulipobonyeza, basi petroli, thina na asetoni zimeondoka kwenye orodha yako. Jaribio lifanyike kwenye paneli ileile yenye gundi, kwa mfano chini kabisa ya mlango karibu na tairi. Ukijaribu ndani ya fremu utadanganyika, maana mafundi wetu mara nyingi hupuliza mlango upande wa nje tu, ndani wakaacha ya kiwandani. Alama nyingine za kupulizwa hapa: vumbi la rangi kwenye mipira ya madirisha, ukingo wa rangi unaohisika kwa ukucha karibu na bawaba, na sumaku isiyoshika vizuri kwa sababu chini kuna pati nene, ile ya kujazia mabonde.

Jambo moja linawachanganya wenye Toyota nyeupe. Ile nyeupe yenye namba 040 kwenye kibati cha gari haina klia kabisa. Ni rangi moja iliyookwa. Ukiisugua kwa kompaundi, ile dawa ya kung'arisha rangi, kitambaa kitatoka na rangi nyeupe, na mtu atakwambia gari limepulizwa. Si lazima. Kompaundi inakwangua, thina inayeyusha; amini jaribio la thina.

Gundi nayo si moja

Mabango ya karatasi mengi hubandikwa kwa uji wa unga au gundi nyeupe ya mbao. Hizo ni gundi za maji. Kabla ya kununua chochote, lowesha gunia au taulo kuukuu kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, lilaze juu ya bango nusu saa, uliongeze maji likianza kukauka. Karatasi itanyanyuka yenyewe na gundi itatoka kwa mkono. Inasikitisha kuona mtu anamwagia petroli kitu ambacho maji yangekimaliza.

Stika za plastiki, zile za nembo na matangazo, hutumia gundi ya akriliki. Hii ndiyo inayogeuka ngumu kwa jua, na jua la hapa karibu na ikweta halina mchezo: miaka mitatu kwenye boneti inatosha kuifanya iwe kama ganda. Tepu ya karatasi iliyosahaulika baada ya kupuliza rangi huwa na gundi ya jamii ya mpira, inayolainika haraka kwa mafuta. Tepu nene ya sponji, ya pande mbili, inayoshika urembo wa milango na nembo za chuma, ni ya peke yake na nitaigusa mbele. Gundi ya papo hapo, ile ya kugandisha viatu na vikombe, ikidondoka kwenye rangi ni afadhali uiachie fundi mwenye msasa laini sana, kwa sababu asetoni inayoiyeyusha huanza na rangi.

Petroli na mafuta ya taa

Huu ndio ulinganisho wenye maana kubwa kwetu, kwa sababu vyote viwili vinapatikana kila kona na watu huvichukulia kama ndugu. Ni ndugu kweli, vyote ni mafuta yatokanayo na ghafi ileile. Tofauti yao ni kasi ya kupaa, na hiyo ndiyo inayoamua kila kitu.

Petroli ukiipaka mlangoni saa sita mchana, inapaa ndani ya sekunde chache. Haipati muda wa kuingia ndani ya gundi. Inalainisha ngozi ya juu tu, wewe unasugua, gundi inasambaa, inakuwa nyembamba na pana zaidi kuliko mwanzo. Unaongeza petroli. Unasugua tena. Mchanga ulioganda kwenye gundi unazunguka chini ya kitambaa, na jioni, taa ya barabarani ikipiga, unaona mikwaruzo ya duara mlango mzima. Watu husema petroli imekula rangi. Mara nyingi kwenye rangi ya kiwandani petroli haijala kitu. Ni mchanga na nguvu za mkono.

Mafuta ya taa yanakaa. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya gundi, kibandike kwa vipande vya tepu kama paneli imesimama wima, subiri dakika tano hadi kumi. Ukifunua, gundi iliyokuwa ganda la manjano imefura na kuwa kitu cheupe kama ute. Pitisha dole gumba: inajikunja yenyewe vijipele vijipele na kuviringika kutoka kwenye rangi, safi, bila kusugua. Sehemu ambayo haijajikunja haihitaji nguvu, inahitaji dakika tano nyingine. Mchanga nao unatoka umefungwa ndani ya gundi badala ya kuburuzwa juu ya klia.

Halafu kuna moto. Mvuke wa petroli huweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, maana yake hapa unaweza kushika saa yoyote ya siku. Ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Gereji zetu ziko bega kwa bega na majiko ya mkaa ya wauza rolex (chapati za mayai), na cheche ya jiko haiulizi kama umemaliza kazi. Mafuta ya taa yanahitaji kupashwa hadi karibu nyuzi 38 au zaidi kabla mvuke wake haujawa wa kushika moto. Hiyo ni nafuu kubwa, ila boneti nyeusi juani inapita nyuzi hizo kwa urahisi. Kivulini, basi, hata kwa mafuta ya taa. Petroli pia ina benzini, inayosababisha saratani na kuingia mwilini kwa pumzi na kwa ngozi. Anayeosha magari kwa petroli kila siku bila glavu anajiumiza polepole.

Petroli ina ushindi mmoja: haiachi utelezi. Mafuta ya taa yanaacha, na lazima uyaoshe kwa sabuni ya vyombo mara mbili, hasa kwenye mipira ya milango, ambayo hufura ikilowa mafuta muda mrefu. Kwangu hiyo ni gharama ndogo sana. Kama umesimama dukani hujui ununue nini, nunua mafuta ya taa.

WD-40 iko upande wa mafuta ya taa: ni mafuta mepesi yanayokaa, kwenye kopo la kupuliza. Inafanya kazi vizuri kwa bei ya juu; inafaa kwa stika moja ndogo. Mafuta ya kupikia nayo yanafaa, ila taratibu sana, na zaidi kwa gundi ya tepu ya karatasi. Wanaopendekeza siagi ya karanga wanategemea mafuta yaliyomo ndani yake tu, kwa hiyo tumia mafuta yenyewe. Kwa rangi laini ya gereji, mafuta ya kupikia ndiyo chaguo langu la kwanza pamoja na joto, hata kama yatachukua mchana mzima.

Thina na asetoni

Ziache. Thina ya rangi ni mchanganyiko uliotengenezwa kuyeyusha rangi, na asetoni ya kutolea rangi ya kucha ni kali vilevile. Kwenye rangi ya gereji isiyo na hadina zinafika kwenye praima kabla gundi haijatoka. Kwenye klia ya kiwandani zinaweza kuiacha na ukungu. Taa za mbele za plastiki zikipata tone, zinapasuka nyufa ndogondogo za ndani zisizoondoka. Nimetaja thina kwenye jaribio kwa sababu ni tone moja mahali pa siri kwa sekunde kumi. Kazi nzima ni habari nyingine.

Spiriti

Hii si ya kuanzia, ni ya kumalizia. Baada ya mafuta ya taa na sabuni hubaki utando mwembamba ambao macho hayauoni lakini vumbi la kesho litauonyesha. Spiriti ya duka la dawa kwenye kitambaa safi inauondoa kwa mpito mmoja au miwili. Jeli ya kusafishia mikono, kama bado unayo kabatini tangu siku za korona, ina faida kwenye paneli ya wima: inang'ang'ania pale ulipoipaka badala ya kutiririka. Rangi iliyofeli jaribio la thina ipimwe na spiriti pia kabla ya kuipangusa, kwa kuwa baadhi hulainika.

Joto, kadi na wembe

Kama stika bado ipo nzima, joto linashinda kila kimiminika, kwa sababu linatoa stika na gundi kwa pamoja. Gundi ya akriliki inalegea vizuri kwenye nyuzi 50 hadi 60. Draya ya saluni inatosha. Umeme ukikatika, chupa ya chai yenye maji ya moto na kitambaa vinatosha pia; mwaga yakiwa ya kiasi ambacho mkono unavumilia. Na kwa gari jeusi, jua la saa saba linakufanyia kazi bure.

Namna ya kuvuta ni muhimu kuliko joto lenyewe. Nyanyua kona kwa ukucha, kisha ikunje stika juu ya mgongo wake na uivute kuelekea nyuma, karibu ilale na paneli, polepole. Ukiona nyuzi za gundi zinanyooka kati ya stika na rangi, simama, ongeza joto, endelea. Ukivuta kwenda juu kwa hasira, stika inakatika vipande na gundi inabaki yote. Na kwenye rangi ya gereji isiyoshika vizuri chini, kuvuta kwenda juu kunaweza kung'oa rangi yenyewe.

Mashine ya kupuliza hewa ya moto wanayotumia wabandika stika ni chombo cha mzoefu. Inaweza kufika nyuzi 500 na zaidi, na bampa ya plastiki inajikunja kabla hujasema neno.

Cha kukwangulia kiwe kadi ya plastiki: kadi ya benki iliyokwisha muda, au ile fremu ya laini ya simu. Wembe ni wa kioo. Kwenye kioo chenye maji ya sabuni wembe ni bora kuliko dawa zote hizi. Kwenye rangi, kona yake moja ikiinama inachora mstari hadi praima. Sufuria inasuguliwa kwa waya wa chuma. Mlango wa gari usiguswe nao, hata ule laini.

Gurudumu la mpira

Kwa maandishi makubwa yaliyokauka na kumomonyoka, yasiyoshikika tena, kuna gurudumu la mpira linalofungwa kwenye dreli. Linafuta stika na gundi kama kifutio kinavyofuta penseli, na halitumii kemikali. Wenye taksi za zamani wangeokoa siku nzima kwa hili, kwani mkanda wa miraba huzunguka gari lote, mradi ni wa stika. Kama umepakwa rangi, hakuna dawa humu itakayoutoa bila kugusa rangi ya chini.

Hatari yake ni joto la msuguano. Dreli iende taratibu, gurudumu lisibonyezwe, na lisitulie mahali pamoja; sekunde chache zinatosha kuunguza klia. Naliamini kwenye rangi ya kiwandani iliyo nzima. Kwenye rangi ya gereji, kwenye kingo za paneli ambako rangi ni nyembamba, na kwenye bampa, silitaki. Hili ndilo pia linalomaliza tepu ya sponji ya urembo wa milango. Kwanza kata sponji katikati kwa uzi wa kuvulia samaki, kama ule unaouzwa kwa wavuvi wa Ggaba, ukiuvuta kushoto na kulia kama msumeno nyuma ya urembo. Masalio yapate gurudumu, au mafuta ya taa kwa subira ya saa nzima.

Kivuli kinachobaki

Umemaliza, umeosha, umekausha, na bado nembo inasomeka mlangoni. Pitisha ukucha. Kama ni laini sawa na pembeni, hiyo si gundi tena, na hakuna kimiminika kitakachoitoa. Rangi iliyokuwa chini ya stika haikupigwa na jua; ya pembeni imefifia. Hapa ndipo watu walioshinda kazi yote huharibu mwishoni, wakifikiri bado kuna kitu cha kusugua.

Kinachosaidia ni kompaundi laini kwa mkono, na isuguliwe pembeni mwa nembo zaidi kuliko juu yake, kwa sababu pembeni ndipo pamechoka. Kwenye Land Cruiser nyeupe ile chokaa ya juu inatoka na weupe unakaribiana. Kumbuka tu kwamba klia ni mikromita 40 hivi na kila kompaundi inachukua kidogo. Kivuli kikipungua hadi hukioni ukiwa hatua tatu, acha hapo. Kisha paka nta, maana mafuta na spiriti vimeondoa nta yote iliyokuwepo.

Ukimpa fundi

Stika chache unaweza mwenyewe nyumbani Jumamosi. Gari zima la matangazo ni kazi ya kulipa, na kwenye gereji za Ndeeba, Katwe au Kisekka hutakosa mtu. Muulize kilichomo kwenye chupa kabla hajaifungua. Mwambie ajaribu chini ya mlango mkiwa mmesimama wote wawili, na mkitazame kitambaa pamoja. Patana naye kuhusu vitambaa vilivyolowa na mabaki ya mafuta: vikauke mahali pa wazi mbali na moto, wala visimwagwe kwenye mtaro, kwa kuwa mitaro ya pale inaishia kwenye mfereji wa Nakivubo, na maji ya Nakivubo yanaingia Ziwa Viktoria. Akikujibu kwamba rangi zote ni sawa na petroli haijawahi kumharibia mtu, mshukuru, chukua ufunguo wako, nenda gereji inayofuata.